Kibuyu cha Enala Namukoko

Kwenye kikao kile walikuwepo watu sita. Alikuwepo Enala Namukoko, mama mwenye nyumba, amekaa kwenye kigoda karibu na jiko lake. Alikuwepo Daudi Silwamba, mdogo wa marehemu mumewe, aliyeitwa asikilize maneno ya pande zote. Alikuwepo Yotamu Silwamba, mtoto wa kwanza. Alikuwepo Jelita Nalwamba, mtoto wa pili. Kwa Wanyamwanga ukoo ni huo huo mmoja, ila mwanamume huitwa Silwamba na mwanamke Nalwamba. Alikuwepo Loti Silwamba, kitindamimba. Na alikuwepo Melia Nalwamba, mjukuu, binti wa marehemu Petro, mwana mwingine wa Enala, amekaa mlangoni na mikono ameifumbata magotini.

Katikati yao, juu ya ungo, palikuwa na kibuyu kimoja kilichozibwa kwa gunzi. Ndani yake mlikuwa na mbegu ya nyumba.

Kila mmoja wa wale watoto watatu alikuwa na jambo alilojaliwa. Yotamu alijaliwa miguu na ulimi. Angeweza kutembea kutoka kucha hadi kuchwa bila kulalamika, na kila alikofika aliongea lugha ya wenyeji hadi wakamdhania ni wao. Jelita alijaliwa macho. Mahali ambapo wengine waliona pori tu, yeye aliona mboga, dawa na chakula, na alijua kipi kinaua na kipi huua tu kisipoandaliwa. Loti alijaliwa subira. Watu walikiita kipawa hicho uvivu, naye hakuwahi kuwasahihisha.

Kijiji chao, Kapwila, kiko mahali nchi tatu zinapokaribiana. Mipaka ilichorwa na watu waliokaa mbali, ikapita katikati ya koo kama kisu kinavyopita katikati ya boga. Nyumba ya Enala iliangukia nchi ya macheo. Yotamu alioa nchi ya kusini akabaki huko. Jelita aliolewa nchi ya machweo. Loti hakuoa, akabaki kwa mama yake.

Sasa kuhusu kile kibuyu. Katika nyumba ya Enala, na ya mama yake kabla yake, mbegu ya mahindi hutungikwa juu ya jiko ili moshi uilinde. Mbegu hiyo haiuzwi, haiazimwi, na hata watu wakizimia kwa njaa hailiwi. Tena haigawanywi, maana husemwa kwamba mbegu ikigawanywa nyumba imekufa. Mama akizeeka humkabidhi mtoto mmoja tu, yule aliyeilisha nyumba katika mwaka mbaya kuliko yote. Anayepewa kibuyu ndiye huwa nyumba. Wengine huwa wageni wake.

Mwaka mbaya ulikuwa umekuja na kupita. Mvua ilikatika mahindi yakiwa yanaanza kutoa mbelewele, yale maua ya juu, yakakauka yamesimama. Kapwila nzima haikuvuna kitu.

Ndipo yakaja mahindi ya msaada, kutoka nchi za mbali, nayo yalikuja na maneno yake. Yalisemwa kuwa ni mahindi yaliyobadilishwa asili yake maabarani. Serikali ya nchi ya machweo iliyakataa, na watu wengi huko wakaiunga mkono. Walisema afadhali njaa ya mwaka mmoja kuliko kuingiza mwilini kitu ambacho mjukuu ndiye atakayejua madhara yake. Serikali ya kusini iliyapokea kwa sharti moja, yasagwe kwanza, ili mtu asije akayapanda. Serikali ya macheo haikuyakataa wala haikuyapokea. Ilisema jambo hilo linachunguzwa. Na kwa kuwa redio za Kapwila zilinasa nchi zote tatu, mtu aliweza kuyakataa mahindi yale asubuhi, akayapokea mchana, na jioni akayachunguza.

Enala aliyasikia hayo yote, lakini hayakumkaa akilini. Akilini mwake alikuwa Melia. Petro na mkewe walikuwa wamekufa, na huyo binti ndiye aliyekuwa amebaki kwao. Alikuwa amekwisha poswa na watu wa nchi ya machweo, akiwa mwepesi na mwenye kucheka. Njaa ilipoingia alinyamaza. Baadaye miguu ikamvimba.

Wa kwanza kufika alikuwa Jelita. Alisikia habari akaja kwa miguu, akamtazama Melia, na bila hata kukaa akachukua jembe akaenda korongoni. Alirudi na viazi mwitu, vile vyenye sumu ambavyo watu wa pale huwazuia hata mbuzi wasivile. Alivimenya, akavikata vipande vyembamba, akavitia kwenye kikapu akavilaza mtoni katika maji yanayokwenda, akavigeuza, akavilaza tena, hadi utomvu ukaisha.

Loti alivitazama vilipoiva. "Dada, sisi tukifa utawaambia nini watu?"

"Nitawaambia mlikufa mmeshiba."

Walikula. Hawakufa. Kwa viazi vile nyumba ilivuka miezi migumu. Kisha mto ukakauka, na pasipo maji yanayokwenda viazi vile ni sumu tupu. Jelita akaweka jembe chini.

Wa pili kufika alikuwa Yotamu. Alikuwa amepanga foleni ya msaada huko kusini, akapewa gunia la watoto wake na nusu ya kuongezea. Mashine ya kusagia ilikuwa pale pale mpakani, lakini foleni yake ilikuwa ndefu, na mtu aliyetoka Kapwila alimwambia Melia hawezi tena kusimama. Yotamu hakungoja zamu. Mke na watoto wake aliwaachia sehemu yao, akajitwisha ile nusu gunia ikiwa punje nzima, akapita njia za porini ambako hakuna wa kumuuliza. Alifika na mabega yamechubuka, akatua mzigo, akalala palepale uani.

Enala aliufungua mzigo. Mahindi yalikuwa ya njano, makubwa, yamelingana kama yametoka kwenye kalibu moja. Alikuwa hajaona nafaka ndani ya nyumba yake kwa muda mrefu, na mikono yake ikafanya ilichozoea kufanya. Katika nyumba ile, nafaka ya zawadi haipikwi kabla ardhi haijapewa konzi lake. Konzi la kwanza hufukiwa nyuma ya nyumba. Asiyefanya hivyo amekula kama mwizi. Enala alichota konzi moja, akaenda nyuma ya nyumba, akalifukia kwenye udongo mkavu, akashukuru. Ndipo akaleta mengine kwenye kinu.

Jelita alimkuta anapangusa udongo mikononi.

"Mama, umepanda nini?"

"Nimetoa konzi la ardhi."

"La mahindi haya?"

"Ndiyo yaliyoletwa, mwanangu. Ningetoa la yapi?"

Jelita alikaa chini. "Kwa nini unadhani wanayasaga kabla watu hawajaondoka nayo, Mama? Ni kwa ajili yako. Ni kwa ajili ya mikono kama hiyo yako."

Yotamu aliamshwa na sauti zao. "Dada, mtoto anakufa na wewe unahesabu punje zilizofukiwa?"

"Huko kwangu wamefunga ghala lenye mahindi haya na watu wamelala njaa mlangoni pake. Unadhani wote ni wajinga? Wanasema binti akiyala anafunga uzazi."

"Huko kwangu tunayala na wanawake wanajifungua. Jirani yangu kajifungua mapacha, na mumewe ndiye analalamika, si yeye."

"Watoto wa mwaka huu umewaona. Watoto wa watoto wao umewaona?"

"Na Melia asipokula leo, hao watoto wa watoto utawatoa wapi?"

Jelita aliinuka, akatwanga mahindi yale mwenyewe, akasonga ugali, akamlisha Melia kwa mkono wake, tonge baada ya tonge. Yeye hakuuonja.

"Shangazi, mbona wewe huli?" Melia aliuliza.

"Huu ni wako, mama. Kula."

Enala aliona jinsi binti yake alivyolitazama kila tonge likiingia, kama mtu anayempa mgonjwa dawa asiyoijua. Melia alikula hadi gunia likakaribia kwisha, na siku moja akasimama akaenda kuteka maji.

Wa tatu hakufika, maana hakuwa ameondoka. Katika muda wote huo Loti alilala chini ya mbegu ya nyumba. Alikuwa na njaa kama wengine, na mahindi yalimning'inia juu ya uso wake. Wezi walikuja, akakohoa, wakaondoka. Majirani walikuja kwa maneno mazuri, akawaambia hana ruhusa. Jelita alipochoka, na Yotamu alipokuwa bado njiani, kila mtu pale nyumbani aliwahi kuyatazama mahindi yale na kumeza mate. Loti peke yake hakumeza mate hadharani.

Mvua ilipokuja, lile konzi la ardhi liliota. Liliota kwa nguvu. Enala alimwambia Loti aende naye akapande mbegu ya nyumba, kama watu wote walivyokuwa wanapanda. Loti alikataa.

"Yale ya nyuma ya nyumba yatoe mbelewele kwanza, Mama. Zikauke. Upepo ukibeba vumbi lake ukalileta kwenye yetu, sitaweza kukuambia tena yetu ni yapi."

"Mvua haitakungoja, Loti."

"Najua."

"Yang'oe basi yale."

"Ni konzi la ardhi. Nani ang'oe kilichopewa ardhi?"

Akangoja. Kapwila nzima ilimcheka. Walipita kando ya shamba wakamuuliza kama anasubiri mvua impikie na chai. Waliopanda mapema walikuwa wanapalilia, yeye amekaa juu ya kichuguu anatazama mbelewele za watu wengine. Alipopanda, mvua ilikuwa imebaki kidogo, na mavuno yake yalikuwa kidogo zaidi. Mahindi ya nyuma ya nyumba waliyachoma yakiwa mabichi, wakayamaliza. Shamba la Loti lilitoa punje za kujaza kibuyu kimoja tu, nyeupe, zenye mstari mwembamba mwekundu, kama zilivyokuwa siku za mama yake Enala.

Ndicho kibuyu kile kilichokaa juu ya ungo.

Daudi Silwamba alikohoa, akaanza. "Shemeji, msimu unakaribia na wewe nguvu zako tunaziona. Mbegu haijapata mwenyewe. Waseme."

"Nitasema mimi, Baba mdogo," Yotamu akaanza. "Nyumba hii ingekuwa kaburi. Viazi vilikuwa vimekwisha. Nani alileta chakula? Desturi haisemi 'aliyeilinda nyumba', wala 'aliyeipikia'. Inasema 'aliyeilisha'."

"Kaka, ulikuta watu hai," Jelita akasema. "Nani aliwaweka hai hadi ukafika? Au ulibeba mzigo wa kulisha makaburi?"

"Ulilisha watu mizizi, dada. Hata ngiri hula mizizi."

"Na umewahi kusikia ngiri amekufa njaa?"

Daudi alicheka, kisha akajizuia kwa sababu ya Enala. Akamgeukia Loti. "Na wewe?"

Loti alikikuna kidevu. "Wao waliwaokoa watu. Mimi niliokoa hicho mnachokigombea. Nisingekuwepo mngekuwa mnagombea kibuyu kitupu."

"Utakipanda kwa ajili ya nani?" Yotamu alimuuliza, na safari hii hakukuwa na mzaha. "Huna mke, mdogo wangu. Huna mtoto. Ukipewa wewe, mbegu inaishia kwako."

"Na ukipewa wewe? Huko kusini si wewe peke yako uliyekwepa mashine; kila shamba linalokuzunguka lina yale ya njano. Msimu mmoja, miwili, utakuwa unamletea mama mahindi usiyoyajua jina."

"Basi nipewe mimi," Jelita akasema. "Kwetu hayapandwi yale. Yatabaki safi."

"Yatabaki safi ukiwaambia nini wakwe zako?" Daudi aliuliza polepole. "Watakuuliza kama yaliwahi kulala ua mmoja na mahindi ya msaada. Utawajibu nini, Jelita?"

Jelita alitazama mikono yake. Alikuwa mtu asiyejua kudanganya, na wote waliokuwa pale walijua.

Hapo ndipo Melia alipozungumza. Hakuna aliyemwita.

"Mimi nani ataniuliza?"

Wakamgeukia.

"Wale walioniposa wamerudi kuchukua neno lao. Wamesikia nilikula. Mama yake yule kijana alisema mbele yangu, 'Mtoto mzuri, lakini tumbo lake hatulijui.' Shangazi alikuwepo."

"Nilikuwepo," Jelita alisema.

"Mnagombea mbegu isiguswe na mahindi yale. Mimi yalinigusa. Sasa mkisema ni mabaya, mnanisema mimi. Mkisema ni mazuri, nendeni mkawaambie wale watu. Baba mkubwa, wewe una ulimi, nenda uwaambie."

"Nilikwenda, mwanangu," Yotamu alijibu. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilikwenda kabla hujajua. Waliniambia kwetu kusini tumekwisha nunuliwa kwa unga."

Nje kuku alikuwa akiparua majivu.

Enala alijua wote wanamngoja. Alijua pia kwamba wanaongoja si hao tu waliokaa ndani. Akimpa Yotamu, watu wa kusini watasema, mnaona, hata yule mama wa Kapwila ameyabariki mahindi; na watu wa machweo watavuka barabara kuwakwepa watoto wa Yotamu. Akimpa Jelita, atakuwa ametamka kwamba alichokula mjukuu wake ni uchafu, na Melia atazeekea mlangoni pale pale alipokaa. Akimpa Loti, atakuwa amesema mbegu ilikuwa na thamani kuliko watu, naye Loti siku moja atazikwa na kibuyu kitatafuta jiko la kutungikwa.

Na lile konzi? Kati yao wote hakuna aliyelitaja siku ile. Walimhurumia, akaiona huruma yao, ikamuuma kuliko lawama. Kama asingelifukia, Loti asingengoja. Kama Loti asingengoja, kungekuwa na mbegu ya kujaza vihenge, wala wasingekuwa wamekaa kukizunguka kibuyu kimoja. Lakini angekulaje zawadi bila kuipa ardhi sehemu yake? Hata sasa, akijiuliza kwa haki, aliona mikono yake ingefanya vile vile.

"Shemeji," Daudi alisema, "tunakusikiliza."

"Wote watatu ni wangu," Enala akasema.

"Hilo tunalijua."

"Ningekuwa na vibuyu vitatu."

"Una kimoja, shemeji."

Aliweka mkono juu ya kibuyu. Wote waliutazama mkono ule. Yotamu alisogea kidogo bila kujua, Jelita akafumba macho, Loti akaendelea kukaa kama alivyokaa. Mkono ulitulia pale kwa muda, kisha Enala akaurudisha mapajani.

"Mnipe hadi mvua ya kwanza," akasema. "Mvua ya kwanza ikinyesha nitalitaja jina."

Wakakubaliana. Hakuna aliyeondoka Kapwila. Yotamu aliitwa na mkewe mara mbili, akajibu kwamba anakuja. Jelita alipikia nyumba, Loti akatengeneza shamba, akaulainisha udongo kama anayetandika kitanda. Walikuwa wakila pamoja, wakitaniana kidogo, na kila mmoja akimtazama mama yake midomo. Mawingu yalianza kukusanyika upande wa machweo, yakavuka mpaka, na hakuna aliyeyauliza yametoka nchi gani.

Basi wewe uliyesikia, uwe mkubwa au mdogo, kaa kwenye kile kigoda. Yupo Jelita, ambaye bila viazi vyake hakuna ambaye angemkuta Melia hai, na ambaye kwa mkono wake alimlisha chakula alichokiogopa kuliko njaa. Yupo Yotamu, ambaye bila mabega yake Melia asingesimama, na ambaye aliivunja sheria ya mashine kwa sababu mtoto hangeweza kungoja foleni. Yupo Loti, ambaye bila subira yake pasingekuwa na cha kurithi. Yupo na Melia, ambaye hakuomba kibuyu. Mbegu ni moja na haigawanywi. Shamba liko tayari.

Je, wewe ungeamua vipi? Amua kwa dhamiri yako, wala usingoje kusikia mwenye mbegu alisema nini. Mvua ya kwanza ilinyesha Kapwila siku ya Ijumaa. Enala Namukoko alikuwa amefariki Alhamisi.